Kubadilisha stopa za ekseli kwenye Land Cruiser la porini: mwongozo kamili, kuanzia vipimo hadi jaribio la mwisho

Wanaoniletea kazi hii baada ya kushindwa huja na hadithi tatu tu. Wa kwanza alifunga stopa mpya, akaenda Serengeti mara moja, akarudi moja imedondoka njiani. Wa pili alikata bolti ndani ya chesisi, akaishia kuchomelea bamba la raba kwa moto. Wa tatu alifunga vizuri, kila bolti imekaa, lakini shokapu zake zinapasuka moja baada ya nyingine na hajui kwa nini.

Wote watatu walianza na spana. Kazi hii inaanza na tepu ya kupimia, na hilo ndilo ninalotaka ulishike hata kama mengine utayasahau.

Naandika nikiwa na picha ya Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia mwaka 1999, zenye springi za koili mbele na springi za bapa nyuma, maana ndizo zinazobeba watalii na mizigo kwenye barabara zetu za vumbi. Kama una Hilux au gari jingine lenye springi za bapa nyuma, hatua za nyuma zinakufaa pia.

## Stopa inafanya nini

Ni ile raba nene iliyofungwa chini ya chesisi, ikitazamana na ekseli. Gari likitumbukia korongoni, ekseli hupanda. Springi hupunguza mwendo, shokapu hutuliza, na pale nguvu inapobaki ni kubwa kuliko springi, ekseli hugonga raba kabla chuma hakijakutana na chuma.

Shika mpangilio huo: springi kwanza, raba baadaye, na shokapu isifike mwisho wake kamwe. Shokapu ikifika mwisho kabla ya raba, inageuka kuwa nguzo. Hapo ndipo mafuta yanaanza kuvuja, jicho la shokapu linakatika, na wakati mwingine mhimili wake kwenye chesisi unapasuka.

## Vifaa vya kuandaa

- Tepu ya kupimia, chaki au rangi ya kuwekea alama, kalamu na karatasi
- Jeki ya tani 3 au zaidi, stendi mbili imara za kuwekwa chini ya chesisi, na kabari za magurudumu
- Soketi za milimita 12, 13, 14 na 17, racheti, mkono mrefu, na spana ya torki
- Dawa ya kulegeza kutu na brashi ya waya
- Nyundo, senta panchi, drili, na biti za milimita 3, 5, 6.8 na 8.8
- Tapu za kukatia thredi za M8 x 1.25 na M10 x 1.25 (namba ya kwanza ni unene wa bolti, ya pili ni umbali kati ya jino na jino la thredi, zote kwa milimita)
- Chombo cha kuchomolea bolti iliyokatika
- Bolti mpya za daraja la 8.8, wosha, na gundi ya bluu ya kufunga thredi
- Rangi ya kuzuia kutu
- Miwani ya kazi na tochi ya kichwani
- Donge la udongo wa mfinyanzi, au chapati mbichi ya unga wa ngano

Hujaona stopa zenyewe kwenye orodha, na nimeziacha makusudi. Usinunue hadi umalize hatua ya 2.

Kuhusu soketi, kuna mtego unaowakamata wengi. Bolti ya M8 ya Toyota ina kichwa cha milimita 12. Ile ya duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ina kichwa cha 13. Hiyo haina madhara. Yenye madhara ni M10: Toyota hutumia sana thredi ya 1.25, na dukani utauziwa ya 1.5. Itaingia mizunguko miwili kwa mkono, itagoma, utaongeza nguvu, na utakuwa umeharibu nati iliyochomelewa ndani ya chesisi. Nenda dukani na bolti ya zamani mkononi. Kama iko salama, jaribu nati mpya juu yake palepale kaunta.

## Hatua ya 1: Soma raba ya zamani kabla ya kuigusa

Ingia chini ya gari na tochi, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Raba ya zamani ina taarifa nyingi, na ukiitupa bila kuisoma utazika chanzo cha tatizo.

Raba iliyopasuka mistari midogo kama ngozi kavu, lakini kimo chake kipo, imezeeka tu. Jua, joto na miaka vimefanya kazi yake. Hiyo badilisha bila wasiwasi.

Raba iliyolainika na kunata imelowa mafuta. Tafuta yanakotoka: shokapu inayovuja, sili ya ekseli, au fundi aliyemwaga dizeli wakati wa kuosha chesisi. Ukifunga mpya bila kuzuia mafuta, itafuata njia ileile.

Raba iliyokatwa upande mmoja tu inagongwa pembeni. Ekseli imehama kutoka mahali pake. Nyuma, angalia senta bolti ya springi na yuboti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi. Mbele, angalia bushi za mikono inayoshika ekseli.

Raba iliyosagwa juu hadi ikabaki nusu ndiyo ninayoikuta zaidi kwenye magari ya kitalii. Hapo kosa si la raba. Springi zimechoka, au gari linabeba kuliko zilivyotengenezwa, na raba imekuwa ikifanya kazi ya springi kila siku. Ukifunga mpya hapo, utarudi baada ya mwezi.

Angalia pia kitako cha chuma kwenye ekseli kinachopokea kishindo. Kitako chenye alama ya kung'aa kimekuwa kikigongwa mara kwa mara. Chenye kutu na vumbi sawasawa hakijaguswa muda mrefu, na hapo jiulize kama shokapu haifiki mwisho kwanza.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini raba hii imekufa. Ukishindwa, usiendelee.

## Hatua ya 2: Pima, gari likiwa na mzigo wake

Hapa ndipo pa kutulia. Tenga saa nzima.

Egesha gari sakafu ya saruji iliyonyooka. Upepo wa tairi uwe ule unaosafiria. Weka mzigo wa kawaida wa safari, na kama gari lina matangi mawili ya lita 90, yajaze: lita 180 za dizeli ni karibu kilo 150, nazo hukaa nyuma. Watu wanapima gari tupu gereji halafu wanashangaa mambo yakibadilika porini. Kama huwezi kupata watu wa kukaa kwenye viti, weka mifuko ya mchanga mahali pao. Kisha sukumasukuma gari kwa mwili juu na chini mara chache ili springi zikae, na uende kupima.

Kipimo cha kwanza ni nafasi kati ya ncha ya raba na kitako chake. Pima kona zote nne na uandike. Raba ya zamani ikiwa imesagwa, pima kutoka kwenye bamba lake hadi kwenye kitako, kisha toa kimo cha raba mpya unayofikiria.

Kulia na kushoto vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 15, una springi iliyolala upande mmoja. Usijaribu kusawazisha kwa raba ndefu zaidi upande mmoja, maana gari litavuta kona kila likigonga. Na nafasi ikishuka chini ya milimita 50 gari likiwa na mzigo, uzoefu wangu unaniambia litakuwa linakaa juu ya raba kwenye kila rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, ya kwenda lango la Naabi la Serengeti. Springi kwanza.

Kipimo cha pili ni shokapu, na huu ndio unaorukwa. Pima umbali kati ya mahali shokapu inaposhikwa juu na inaposhikwa chini, gari likiwa limesimama. Kisha tafuta urefu wa shokapu ileile ikiwa imefungwa kabisa. Jedwali la mtengenezaji linao. Kama huna, fungua moja ya nyuma, isimamishe sakafuni, ikandamize kwa uzito wako hadi mwisho, mwenzako apime. Tumia pointi zilezile ulizotumia kwenye gari.

Ukitoa kimoja kwenye kingine, unapata mwendo uliobaki kwenye shokapu.

Sasa hesabu. Chukua mfano huu:

Nafasi kati ya raba na kitako ni milimita 95. Shokapu ikiwa kwenye gari ina 480, ikifungwa ina 350, kwa hiyo imebaki na mwendo wa 130. Raba ina kimo cha 80. Raba ya kawaida, kwenye kishindo kikubwa, huminywa hadi karibu nusu ya kimo chake, yaani 40 hapa.

Ekseli basi itapanda 95, iiguse raba, iiminye 40 zaidi. Jumla 135. Shokapu ina 130 tu.

Shokapu itagonga mwisho ikiwa raba bado ina milimita 5 za kuminywa. Kwa macho, gari hilo lina kila kitu kipya na kizuri. Kwenye shimo moja kubwa, shokapu ndiyo inayobeba gari zima. Yule mteja wa tatu niliyemtaja mwanzoni alikuwa na tatizo hili hili, na alishabadilisha shokapu mara tatu akilaumu ubora wake.

Dawa yake hapo ni kushusha stopa kwa kipande cha chuma au alumini cha milimita 25. Nafasi inakuwa 70, ongeza 40 za kuminywa, jumla 110. Shokapu inabaki na 20. Hizo 20 ndizo ninazotaka zibaki daima. Sababu yake ni kwamba gurudumu moja likipanda peke yake, ekseli inainama, na kitu kilicho nje zaidi kinasogea kuliko kilicho ndani. Ukibakiza 5 tu, mwinamo utazimaliza.

Kipimo cha tatu ni vitu vingine vinavyoweza kugongana. Mbele, tazama umbali kati ya difu (kibonge cha gia katikati ya ekseli) na sampu (bakuli la oili chini) ya injini, na kati ya fito za usukani na chesisi. Nyuma, tazama propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli), na fimbo inayounganisha ekseli na vali ya breki inayopima mzigo. Angalia tairi na matao ya bodi, hasa kama umefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani. Kila kimoja lazima kiwe na nafasi kubwa kuliko ile jumla uliyoipata.

Umefanikiwa kama una karatasi yenye namba za kona nne, na umejua kimo cha raba unachohitaji.

## Hatua ya 3: Sasa nunua

Ziko raba za kawaida, ziko za poliyurethani ngumu, na ziko za povu la poliyurethani lenye vitundu vidogo. Kwa gari la kazi linalobaki na kimo cha kiwandani, mimi hufunga raba ya kawaida ya mtengenezaji. Inatuliza, na inapatikana.

Poliyurethani ngumu inadumu na haiogopi mafuta, lakini inaminywa kidogo na kishindo chake kinapanda moja kwa moja kwenye chesisi. Kwenye gari lililokatwa na kurefushwa chesisi kwa ajili ya utalii siipendi kabisa, kwa sababu maungio ya chesisi hiyo hayahitaji vishindo vya ziada.

Povu ni zuri sana. Linaanza laini, linaendelea kukaza kadiri linavyominywa, na abiria hawasikii pigo. Lakini linaweza kuminywa hata robo tatu ya kimo chake, kwa hiyo ile hesabu ya hatua ya 2 inabadilika. Povu la milimita 80 litashuka 60, si 40. Ukibadilisha aina ya raba, rudia hesabu.

Dukani, jaribu hivi. Tazama mahali raba inapokutana na bamba: pasiwe na ufa hata wa unene wa karatasi. Ikunje kwa mkono utazame kama mistari midogo inafunguka. Ikifunguka, imekaa rafuni miaka mingi. Kama muuza spea ana vaisi, omba aiminye hadi nusu na aiachie. Raba nzuri inarudi kimo chake mara moja, bila alama. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, nenda duka la jirani.

Nunua kwa jozi ya kulia na kushoto. Usichanganye mpya na ya zamani kwenye ekseli moja.

## Hatua ya 4: Inua gari

Nyunyiza dawa ya kutu kwenye bolti jioni ya siku ya kabla, kisha asubuhi, kisha nusu saa kabla ya kuanza. Mara tatu. Dawa inahitaji muda wa kupenya, na kumwaga kopo zima kwa pamoja hakufupishi muda huo.

Shusha mzigo wote. Weka kabari kwenye magurudumu ya ekseli usiyoigusa, vuta breki ya mkono, weka gia. Legeza nati za magurudumu kabla hujainua. Inua, weka stendi chini ya chesisi, na teremsha gari likae juu ya stendi. Ekseli iachie ishuke taratibu juu ya jeki mpaka raba iwe na nafasi ya kutosha kwa mkono na soketi. Toa magurudumu.

Onyo. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Land Cruiser la kazi linakaribia tani 3. Pili, wakati ekseli inashuka mwambie mwenzako atupie jicho hozi ya breki na waya za vihisio vya breki. Vikianza kukaza, simama. Tatu, kwenye ekseli ya mbele usifungue shokapu wakati ekseli inaning'inia, kwa sababu shokapu ndiyo inayoizuia koili isichomoke. Na mkono wako usikae kati ya raba na kitako wakati mtu mwingine anagusa jeki, hata kwa sekunde moja.

Umefanikiwa kama gari halitikisiki ukilisukuma kwa bega.

## Hatua ya 5: Fungua bila kukata

Stopa hufungwa kwa njia mbili au tatu. Nyingi zina bamba lenye bolti mbili zinazoingia kwenye nati zilizochomelewa ndani ya chesisi. Nyingine zina skrubu moja ya katikati yenye nati. Chache zimekandamizwa tu kwenye kikombe cha chuma. Hizo zipake maji ya sabuni, zizungushe na uzivute kwa chuma cha kubandulia.

Tatizo liko kwenye za bolti. Safisha kwa brashi ya waya mpaka uone kichwa cha bolti kikiwa na pembe zake sita. Tope la mbuga likikauka kwenye kichwa, soketi haikai vizuri na inateleza.

Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara nne au tano, moja kwa moja, si kwa nguvu nyingi. Mshtuko unavunja kutu.

Kisha kaza kidogo kwanza. Ndiyo, kaza. Ukisikia imesogea hata kidogo, kutu imeachia. Sasa fungua robo mzunguko, rudisha, ongeza dawa, fungua nusu, rudisha. Bolti iliyokaa miaka 10 ichukue dakika 10. Wanaoiunganishia paipu refu na kuivuta kwa pumzi moja ndio wanaoikata.

Usipashe moto kwa gesi. Raba inawaka na moshi wake ni sumu, na mabomba ya mafuta na ya breki yanapita kwenye chesisi hiyohiyo.

### Bolti ikikatika

Tulia. Inarekebishika, na hakuna haja ya kuchomelea chochote.

Isawazishe kwa grenda au tupa hadi iwe bapa. Weka alama katikati kwa senta panchi. Chukua muda kupata katikati halisi, kwa kuwa kila kitu kinachofuata kinategemea alama hiyo. Toboa kwa biti ya 3, kisha 5. Vaa miwani, chembe zinaanguka usoni kwako. Ingiza chombo cha kuchomolea na ukizungushe kinyume, polepole. Usikilazimishe. Chuma chake ni kigumu kiasi kwamba kikikatikia ndani, biti ya kawaida haitakitoboa.

Kikigoma, kama bolti ni M8, toboa kwa biti ya 6.8 na upitishe tapu ya M8 x 1.25. Mabaki ya thredi ya zamani yatatoka kama vumbi. Kama nati ya ndani imekwisha kabisa, panda saizi: toboa kwa 8.8, kata thredi ya M10 x 1.25, na ongeza tundu la bamba la stopa lilingane. Kwenye tapu, nenda nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta kidogo kila mara.

Kabla ya kutoboa popote, tazama nyuma ya hapo pana nini. Ndani na pembeni mwa chesisi hupita waya na bomba za breki.

Kuhusu kuchomelea bamba: joto linaachanisha raba na chuma chake siku hiyohiyo, ingawa kwa macho utaona imeshika. Ndiyo sababu ya yule mteja wa pili kurudi na bamba tupu wiki mbili baadaye. Nililikata kwa grenda, nikasawazisha chesisi, nikatengeneza thredi upya. Kazi ya saa moja ikawa ya siku nzima.

## Hatua ya 6: Andaa chesisi na ufunge

Safisha chesisi mahali bamba linapokaa hadi chuma kionekane. Donge la tope lililobaki chini ya bamba litavunjikavunjika kwenye rasta, na bolti iliyokuwa imekaza italegea yenyewe. Ninaamini hili ndilo linaloangusha stopa mpya kuliko sababu nyingine yoyote, na ndilo lililomkuta mteja wa kwanza.

Tazama ufa kuzunguka matundu. Ukiuona, kazi inasimama hapo. Chesisi iende kwa mchomeleaji anayeijua kabla ya raba yoyote kufungwa.

Paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke. Pitisha tapu kwenye thredi zote hata kama zinaonekana nzima, kisha puliza upepo.

Weka stopa, ingiza bolti zote kwa vidole. Zinapaswa kuzunguka mizunguko minne au mitano bila spana. Isipowezekana, thredi si yenyewe au imeingia upande. Toa, anza upya. Tone la gundi ya bluu kwenye kila bolti, kisha kaza kwa zamu, kidogo kidogo. Kitabu cha gari kikiwa na namba, fuata hiyo. Kama hakina, bolti ya 8.8 ya M8 inatosha kwa 25 Nm, ya M10 kwa 50 Nm.

Ukiweka kipande cha kushushia, bolti iwe ndefu zaidi kwa unene uleule wa kipande. Cha milimita 25 kinataka bolti iliyoongezeka milimita 25. Usitumie mbao, wala rundo la wosha, vyote vinahama.

Umefanikiwa kama bamba limelala bapa pande zote na wembe hauingii kati yake na chesisi.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuondoka

Rudisha magurudumu, shusha gari, kaza nati za magurudumu kwa torki ya kitabu. Rudisha mzigo. Pima tena zile nafasi nne na ulinganishe na karatasi yako. Kulia na kushoto visitofautiane zaidi ya milimita 15 kama springi ni nzima.

Sasa ule udongo. Bandika donge dogo kwenye ncha ya kila raba. Tafuta kichuguu au tuta la udongo, panda taratibu na gurudumu moja kwa gia ndogo, mwenzako akiwa pembeni kwa umbali, si chini ya gari. Panda hadi raba iguse. Rudi nyuma, tazama.

Alama kwenye udongo iwe katikati ya kitako. Ikiwa pembeni kidogo tu, ni kawaida kwa gurudumu moja. Ikiwa nje kabisa, ekseli imehama na hukumaliza hatua ya 1.

Kwenye shokapu, kabla ya kupanda, paka mstari wa grisi nyembamba kwenye fito au mwili wake. Utaona ilifika wapi. Pima kilichobaki. Hapa raba imeguswa tu, haijaminywa, kwa hiyo kinachobaki lazima kitoshe kuminywa kwa raba pamoja na zile milimita 20. Kwa mfano wetu wa raba ya milimita 80, utafute 60.

Kisha endesha barabara mbaya unayoijua, mwendo wa pole, dirisha likiwa wazi. Raba ikifanya kazi, shimo kubwa linatoa sauti nzito, fupi, ya chini. Ukisikia mlio mkali wa chuma, simama ukague. Usijiambie itazoea.

## Gari lililoinuliwa

Naulizwa sana: nimepandisha gari milimita 50, je, niweke kipande cha 50? Si lazima. Kama umebakiza shokapu zilezile, mwendo wake wa kufunga umeongezeka na huenda huhitaji kitu. Kama umeweka shokapu ndefu, nazo zikifungwa ni ndefu pia, na hapo unaweza kuhitaji 25, au 40. Tairi kubwa nayo inaweza kudai zaidi ya shokapu. Jibu liko kwenye hesabu ya hatua ya 2, na kila gari lina lake.

Ukizidisha kipande, unainyima ekseli nafasi ya kupanda. Gari litagonga kila mara na gurudumu la upande wa pili litaning'inia hewani pale unapolihitaji zaidi, kwenye korongo lenye tope jeusi.

## Baada ya kilomita 500

Rudi chini ya gari baada ya safari ya kwanza. Gusa kila bolti kwa spana ya torki. Tazama alama kwenye vitako: ziwe katikati, ziwe nyeusi za raba, si za kung'aa za chuma. Pangusa shokapu kwa kitambaa safi uone kama kuna mafuta mapya. Kisha kagua kila unapobadilisha oili.

Kwenye sanduku la spea la gari weka stopa moja ya nyuma ambayo bado ina kimo, bolti zake mbili, na tapu moja ya M8. Ikikatika Ndutu au njia ya Natron, dereva anaweza kuifunga chini ya mti kwa nusu saa na kuwarudisha wageni salama.